Maombi au Mirembe? Swali linalowababaisha hata madaktari wanafunzi

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Majengo, hapa Dodoma, nanunua karanga. Mama aliyekuwa ananipimia alisimamisha kopo hewani, akaniangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, wewe ndiye unayekaa na hawa watu. Mwanangu nimpeleke kwa mtumishi au nimpeleke Mirembe?"

Mirembe ndiyo hospitali yetu ya magonjwa ya akili. Kijana wake ana miaka 28. Alianza na viroba, zile pombe kali za pakiti, na viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017 akahamia kwenye gongo. Kabla sijafungua mdomo, jirani yake wa meza ya dagaa alishajibu: hakuna cha Mirembe, hiyo ni roho ya ulevi, afungiwe siku tatu aombewe. Muuza nyanya wa upande wa pili akaruka: maombi hayohayo yalimla shemeji yake mbuzi wawili na mpaka leo analala mtaroni. Ndani ya dakika moja meza tatu za soko zilikuwa zimegawanyika kambi mbili, na mimi karanga zangu zimekwama kwenye kopo.

Swali la yule mama huwa nalisikia pia kwa vijana wenye makoti meupe, ila wao hulivalisha tai. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Kila mwaka wodi niliyopo hupokea makundi ya wanafunzi wa udaktari wanaokuja kujifunza magonjwa ya akili. Wanajua kemikali za ubongo kwa majina na wanaweza kukutajia dozi bila kufungua daftari. Lakini mgonjwa akisema, "Nilipookoka niliacha mwaka mzima, halafu nikaanguka," kalamu inasimama. Mmoja wao aliniuliza wakati wa chai, andazi likiwa mkononi: "Sista, hilo la Mungu tunaliandika kwenye kipengele gani cha faili?"

Wenzake walicheka. Mimi niliona ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo.

Kwanza tukubaliane maneno

Ubishi mwingi wa sokoni unatokana na watu kutumia maneno yaleyale kwa maana tofauti, basi tuanzie hapo.

Uraibu haupimwi kwa wingi wa pombe mtu anayokunywa siku moja. Chukua wale wa vunja jungu. Kuna jamaa atakunywa siku mbili kabla ya Ramadhani kana kwamba kiwanda kinafungwa, kisha mwezi mzima hagusi na wala hateseki. Huyo ana tabia ya hovyo, lakini huenda si mraibu. Sasa mwangalie mwenzake ambaye jioni ya pili ya mfungo anakaa kwenye mkeka wa futari, anaokota tende, na mkono unatetemeka mpaka tende inadondoka. Huyo mwili wake unadai. Mraibu ni mtu anayeendelea kutumia huku anaona wazi kinachomharibikia, kwa sababu uwezo wa kujizuia umedhoofika na mwili na akili vimeshazoea kuendeshwa na kile kitu. Kiwe pombe, unga, bangi au vidonge, msingi ni huohuo.

Tiba nayo watu huichukulia kama tukio moja: mtu ameingia mgonjwa, ametoka mzima. Kumbe ni safari yenye vipande. Kuna siku za kuuondoa mwilini ule ulevi salama, ambazo ni chache. Halafu kuna miezi na miaka ya kujifunza kuishi bila huo ulevi, na hapo ndipo kazi ilipo.

Neno gumu kuliko yote ni "kiroho". Hapa kwetu ukilitaja tu, mmoja anasikia ulokole, mwingine anasikia mapepo, wa tatu anasikia mganga. Lugha yenyewe inachangia, maana roho tunaitumia kwa kila kitu: roho mbaya, roho ngumu, roho inaniuma, amekata roho. Kwa madaktari wanaoshughulika na jambo hili, dini na kiroho ni vitu viwili vinavyopakana. Dini ina anwani. Ukimuuliza mtu dini yake, atakutajia msikiti, parokia au mtaa wa kanisa. Mambo ya kiroho ni yale yanayompa mtu sababu ya kuamka: anadhani maisha yake yana maana gani, ni nani bado anamhesabu kama mtu, anajisamehe au amejihukumu, anategemea nini anapozidiwa. Kwa Watanzania wengi hayo yote yanakaa ndani ya dini. Kwa wengine yanakaa kwenye ukoo, kwenye tambiko la wazee, au kwa mtoto wa miaka sita anayemngoja nyumbani. Daktari anayeuliza dini pekee anapata jina la kanisa, basi.

Korongo la Kondoa

Sasa tuingie kwenye ubongo, na kwa hilo sihitaji mfano wa mbali.

Aliyewahi kupita Kondoa ameyaona makorongo. Ng'ombe walipita njia ileile miaka na miaka, nyasi zikaisha, mvua ikaja ikafuata kwato zao, na njia ya mifugo ikawa shimo ambalo lori linaweza kupotelea ndani. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wazee bado wanauita HADO, na mwaka 1979 serikali ikaamua jambo zito: mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika. Nyasi zikarudi, miti ikarudi. Makorongo hayakufukika. Mpaka leo yapo, yamefunikwa na majani, na mvua kubwa ikinyesha maji bado yanajua pa kupita.

Ubongo wa mraibu ni hivyohivyo. Tuna njia ya asili ya raha, ile inayotufanya tutake kula, kupendwa, kushinda, na kemikali inayoitwa dopamini ndiyo inayopita humo. Ulevi unapitisha kundi kubwa la ng'ombe hapo kila siku. Baada ya muda raha ndogondogo za kawaida hazionekani tena, kila hamu inatiririkia kwenye korongo moja. Kumwambia mtu huyo "jikaze tu" ni sawa na kuyaambia maji ya mvua yapande kilima.

Mfano huu unasaidia pia kuona kwa nini mtu hurudia. Mtu anaweza kukaa safi miezi minane, siku moja akapita karibu na kijiwe chake cha zamani, akasikia harufu, na maji yakakumbuka njia. Taasisi ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani inakadiria kuwa asilimia 40 hadi 60 ya wanaotibiwa uraibu hurudia wakati fulani, kiwango kisicho tofauti sana na wagonjwa wa presha au pumu wanaoacha masharti ya tiba. Mwenye presha akipandisha hatumwambii hakuokoka kweli. Tunampima tena, tunaangalia kilichoharibika, tunaendelea.

Kondoa waliondoa ng'ombe kwanza. Hiyo ndiyo sehemu ya hospitali. Lakini shamba likiachwa wazi bila kupandwa chochote, ng'ombe hurudi. Kinachopandwa pale ni nini? Kazi, familia, marafiki wapya, na kwa watu wengi sana, imani. Kwa hiyo ukiniuliza nani ana haki kati ya muuza dagaa na muuza nyanya, nitakwambia wanabishana juu ya misimu miwili tofauti ya shamba moja.

Siku ya tatu

Lakini msimu una mpangilio wake, na hapa sitazungusha maneno, kwa sababu hapa watu wanakufa.

Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatishwa pombe ghafla, mwili wake haupumziki. Unalipuka. Ndani ya saa 6 hadi 12 anaanza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio. Kati ya saa 6 na 48 anaweza kupata degedege kama mwenye kifafa. Na kati ya saa 48 na 96 wengine huingia kwenye hali mbaya kuliko zote: joto linapanda, anachanganyikiwa, anaona wadudu ukutani na watu wasiokuwepo, anapiga kelele, anapigana. Bila tiba, hali hiyo huua.

Zihesabu saa hizo. Saa 72 ni siku tatu. Mfungo wa siku tatu chumbani, bila chakula na pengine bila maji, unamfikisha mlevi wa muda mrefu kwenye kilele cha hatari saa ileile ambayo waombaji wanategemea pepo litoke. Anapoanza kupiga kelele na kuona vitu, waliomzunguka wanaona ushahidi kwamba maombi yanafanya kazi, wanaongeza sauti. Nimempokea mgonjwa aliyeletwa asubuhi ya nne, mikono ina alama za kamba, midomo imepasuka kwa kiu. Waliomleta walikuwa watu wema kabisa. Walimpenda. Hakuna aliyewaambia.

Dawa zake hazina maajabu: diazepam kwa mpangilio maalumu ili kuutuliza ubongo, maji, na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wanakuwa hawana kwa sababu wanakunywa badala ya kula. Hiyo B1 inatakiwa itangulie au iende pamoja na dripu ya glukosi, kwani sukari ikiingia peke yake kwenye mwili usio na B1 inaweza kuudhuru ubongo zaidi. Baada ya siku tano au saba, mtu anakaa kitandani anaomba chai. Aombewe sasa kwa sauti mnayoitaka. Hata siku ile ya kwanza aombewe, ila mlango uwe wazi, maji yawepo, na nesi awe karibu.

Unga una hesabu nyingine. Arosto ya heroini, yaani mateso ya mwili unapoikosa, ni mbaya, mifupa inauma, tumbo linakatika, lakini kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haiui kama maji ya mwili yanarudishwa. Hatari yake inakuja baadaye. Mtu akikaa miezi mitatu safi, iwe gerezani, kwenye nyumba ya upataji nafuu au kambi ya maombi, mwili unasahau mzigo uliokuwa unaubeba. Akirudia kwa kipimo chake cha zamani, pumzi inakatika. Familia inasema alirogwa. Hapana. Alipimiwa mzigo wa punda, naye kwa wakati huo alikuwa ameshakuwa mbuzi.

Hapo ndipo inapoingia methadoni, dawa anayopewa mraibu wa heroini badala ya unga, ambayo Tanzania Bara ilianza kuitoa Muhimbili Februari 2011, na ambayo hapa Dodoma watu wanaijua kupitia kituo cha Itega. Maneno ya mtaani ni kwamba methadoni ni "unga wa serikali", kwamba mtu amebadilishiwa ulevi mmoja kwa mwingine. Fikiria moto. Heroini ni nyasi kavu: inawaka ghafla, inazimika ndani ya saa chache, na mtu anakimbia kutafuta nyasi nyingine, hata kwa kuiba. Methadoni ni gogo la mkwaju. Linawaka polepole kutwa nzima, halina mwali, na mtu anaweza kwenda kibaruani akarudi. Anayeitumia hivyo huku analea watoto wake simuiti mtumwa wa dawa, kama nisivyomwita hivyo mama yangu na vidonge vyake vya presha.

Madaktari wanafunzi wanasimama wapi?

Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, akiwamo daktari wa akili Marc Galanter wa New York, walichapisha ulinganisho mdogo lakini wenye kufikirisha. Upande mmoja walikuwapo wagonjwa waliolazwa wakiwa na uraibu pamoja na ugonjwa wa akili, upande wa pili wanafunzi wa udaktari. Wagonjwa walisema mambo ya kiroho ni ya msingi katika kupona kwao, wakayaweka juu ya baadhi ya misaada ya kushikika kwa mkono. Wanafunzi walikuwa na mwelekeo mdogo zaidi wa kiroho na hawakuona kama jambo hilo lina uzito kiasi hicho kwa wagonjwa. Mtu aliyeko kitandani na yule aliyeshika faili walikuwa wanatazama ugonjwa mmoja kutoka madirisha tofauti.

Ukiwasimulia wanafunzi wa huku utafiti huo, wanashangaa. "Sisi si kama hao, sista. Sisi tunasali." Ni kweli. Jumapili ukipita vyuo vikuu vya Dodoma utasikia kwaya za vikundi vya wanafunzi Wakristo, USCF, CASFETA na TMCS, zikishindana na upepo, na Ijumaa vijana wa Kiislamu wanajaa kwenye swala. Tatizo letu halifanani na lile la New York. Daktari mwanafunzi wa hapa anayo imani, ila anaivua mlangoni mwa wodi pamoja na viatu vya vumbi, kwa sababu amefundishwa, au amejifundisha, kwamba sayansi haikai chumba kimoja nayo.

Wengine hawaivui. Nilikuwa na kijana mmoja, hodari sana kwenye mitihani, aliyemshika mkono mgonjwa wa siku ya pili na kumwombea kwa kunena kwa lugha mpaka wodi nzima ikanyamaza. Mgonjwa alikuwa Mwislamu kutoka Kondoa. Hakusema kitu. Kesho yake alikataa dawa kutoka kwa kijana yule, na ilinichukua siku tatu kujua sababu. Kijana hakuwa na nia mbaya hata chembe, alileta alicho nacho. Shida ni kwamba alichokileta kilikuwa chake.

Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima, kwa maoni yangu. Watu wanapobishana kama kiroho iingie kwenye tiba, wanawaza imani ya daktari: je, aionyeshe au aifiche? Imani ya daktari haina nafasi kubwa kwenye faili. Imani inayotakiwa kuandikwa pale ni ya mgonjwa, kama inavyoandikwa kazi yake, nani anapika nyumbani, na kama anavuta sigara. Daktari asiyesali anaweza kuiuliza vizuri. Sheikh aliyesomea udaktari anaweza kuiuliza vibaya.

Je, kuna ushahidi kwamba inasaidia?

Upo, na una mipaka.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari mpasuaji Bob Smith, wote walevi, waligundua kwamba wakikaa pamoja kila mmoja anabaki mkavu. Kutoka hapo kikatoka chama cha Walevi Wasiojulikana na hatua zake 12, ambazo baadaye watumiaji wa dawa za kulevya nao walizichukua na ndizo zinazotumika kwenye nyumba nyingi za upataji nafuu hapa nchini. Hatua ya kwanza ni kukiri umeshindwa. Ya pili ni kuamini kwamba ipo nguvu kubwa kuliko wewe inayoweza kukurudisha. Ya tatu inamtaja Mungu, lakini kwa maneno ya busara: Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu.

Kwa miongo mingi wanasayansi waliiona habari hii kama ya kanisani tu. Mwaka 2020 shirika la Cochrane, linalochambua tafiti za tiba kwa ukali sana, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Waliosaidiwa kwa utaratibu kuingia kwenye vikundi vya hatua 12 walibaki bila pombe kabisa mwaka mmoja baadaye kwa takriban asilimia 42, wakati waliopata tiba nyingine za kisaikolojia walikuwa asilimia 35. Si pengo la kutisha, lakini kwa kitu kisichotoza hata shilingi, ni pengo kubwa.

Mtu mwenye haraka atasema: basi Mungu amethibitishwa maabara. Taratibu. Sehemu kubwa ya faida, watafiti wanasema, inapitia kwenye jambo la kawaida kabisa: mtu anabadilisha marafiki. Anapata namba ya kupiga saa nane usiku. Anaona mwenzake aliyekuwa mbaya kuliko yeye ameshapata kazi. Nguvu ya kiroho yenyewe inaonekana kufanya kazi pia, hasa kwa wale ambao uraibu wao ulikuwa mzito zaidi. Kwa waumini hayo mawili hayapingani, maana jumuiya ndogondogo au darsa la baada ya isha ni marafiki na imani kwa pamoja.

Na imani hiyohiyo inaweza kuumiza. Mwanasaikolojia Kenneth Pargament ameandika kwa miaka mingi juu ya watu wanaougua huku wanaamini Mungu anawaadhibu au amewaacha, na watu hao kwa kawaida hufanya vibaya zaidi. Hapa kwetu hao tunao wengi. Mwimbaji aliyevuliwa joho la kwaya mbele ya ushirika. Mama anayeambiwa ulevi wa mwanawe ni laana ya ukoo wake, yeye na siyo wa baba. Kijana wa methadoni anayeambiwa na rafiki zake mwezi wa Ramadhani kwamba akimeza dawa mchana amekula, basi afadhali aiache. Dawa ile anainywa kila siku mbele ya mhudumu. Akiikosa siku kadhaa, arosto inamrudisha kijiweni. Daktari asiyejua kwamba Uislamu unamruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye, na asiyejua imamu gani wa kumwomba amwambie kijana hivyo, atampoteza mgonjwa kwa jambo ambalo lingemalizwa na mazungumzo ya dakika kumi. Uislamu wenyewe, kwa wanaopenda kukumbuka, haukukataza pombe kwa siku moja. Aya zilishuka kwa hatua, kwanza kuonyesha kwamba madhara yake ni makubwa kuliko faida, kisha kukataza kusali ukiwa umelewa, na mwisho marufuku kamili. Mfano huo huwa nawapa wanafunzi wanaomtaka mgonjwa aache kila kitu Jumatatu.

Wakristo nao nina lao. Zabibu ya Dodoma, ambayo leo inajaza chupa kwenye kila duka la Area D, ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana katika miaka ya 1950, na divai ya altare ndiyo waliyokuwa wanaitafuta. Mraibu wa pombe anayerudi kwenye meza ya Bwana anakutana na kikombe. Kuna dawa, disulfiram, inayomfanya mtu augue vibaya akigusa pombe hata kidogo. Mgonjwa Mwanglikana aliyeandikiwa dawa hiyo bila kuulizwa kama anashiriki kikombe, Jumapili anaweza kutapika kanisani.

Maswali manne ya babu wa Bahi

Namna ya kuuliza ipo na haichukui muda. Daktari Christina Puchalski wa Marekani alitengeneza katika miaka ya 1990 mpangilio wa maswali manne: imani ya mtu, uzito wake, watu wake, na nini kifanyike. Nimeutafsiri kwa Kiswahili cha wodini na huwa nawapa wanafunzi kwenye karatasi ndogo ya kutia mfukoni.

Wa kwanza niliyemwona akiutumia vizuri alikuwa binti wa mwaka wa nne kutoka Kanda ya Ziwa. Mgonjwa wake alikuwa mzee wa wilaya ya Bahi, siku ya sita bila pombe, mkono umetulia. Binti alimsalimia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo aliyojifunza kwenye daladala, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu alazwe.

"Babu, kuna kitu chochote unachokishika siku ikiwa ngumu? Imani, au jambo jingine?"

"Mimi Mwanglikana." Akafunga mdomo, kama mtu aliyetaja namba ya kitambulisho.

Hapo wengi wanaandika "Mkristo" na kugeuza ukurasa. Binti hakugeuza. "Na huo Uanglikana una uzito gani kwako, tangu pombe ilipoanza kukusumbua?"

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Nilikuwa napiga rimu."

Kijijini kwao kengele ya kanisa ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti, inagongwa kwa kipande cha nondo. Aliigonga miaka 19. Saa kumi na moja alfajiri, kila Jumapili, kijiji kizima kiliamka kwa mkono wake.

"Na wenzako wa kanisani sasa mko vipi, babu?"

"Walinitenga. Anapiga mtoto wa katekista." Akatikisa kichwa. "Anaharakisha. Ile haitaki haraka, mjukuu wangu. Unagonga, unaiacha ilie, ikimaliza ndiyo unagonga tena."

Swali la nne lilikuwa: ungependa sisi tukusaidie nini kwenye hilo? Nilidhani ataomba mchungaji aje. Hakuomba mchungaji, wala maombi. Aliomba siku ya kuruhusiwa isiwe Jumatatu kama ilivyopangwa. Iwe Ijumaa, ili Jumapili awepo. Asingeingia ndani. Angekaa chini ya ule mti, na kama katekista angekubali, angemshika yule mtoto mkono na kumwonyesha.

Binti aliandika yote hayo kwenye faili, katikati ya diazepam na vitamini B1, kwa Kiingereza chake cha haraka. Asubuhi wakati wa raundi, daktari mkuu alifungua ukurasa, akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Nani ameandika hii rimu?" aliuliza. "Ni dawa mpya?"

Binti alianza kujieleza huku sauti inamkauka. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akaomba kalamu, akakata Jumatatu, akaandika Ijumaa.